Dondoo muhimu: Kadi ya michoro ikiwa ghali, anzia kwingine

Januari 2021 kadi ya RTX 3060 ilitangazwa kwa dola 329, lakini kuna waliolipa zaidi ya maradufu. Bei ikipanda hivyo, usikimbilie kadi.

Anza na prosesa yenye michoro ndani yake, kama Ryzen 5 5600G. Valorant na eFootball zinachezeka vizuri kabisa. Ila michoro hiyo hutumia RAM ya kompyuta, kwa hiyo nunua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16, maana viwili kwa pamoja huipa michoro kasi zaidi. Watu wengi hupuuza jambo hili, kisha wanailaumu prosesa. Ukishafunga vipande, ingia BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM itaenda polepole kuliko ulivyolipia.

Una kompyuta ya ofisini ya mtumba? Pima kasha kwanza, kwa kuwa yale membamba hupokea kadi fupi tu. Pawa saplai yake mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi, basi tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la umeme; wati 75 za ubao mama zinaitosha.

Kadi iliyotumika isikutishe, hata kama ilichimba sarafu za kidijitali. Mwombe muuzaji aiendeshe kwa gemu nzito nusu saa mbele yako. Tazama joto, sikiliza feni, angalia kama skrini inatoa madoa. Akikataa, ondoka.

Pawa saplai nunua mpya, ya kampuni inayoaminika. Hapo usibane matumizi.