Mimi mmoja nitabadilisha nini?

 

Somo la leo nimelipata mtaani, na aliyenifundisha ni mdogo kwangu kwa umri. Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, nilibaki nje ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam nikiokota chupa tupu za maji zilizotupwa kando ya mtaro. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimetoka kusomesha darasa la israfu siku mbili kabla, nikaona haya kuzipita. Kijana mmoja jirani yangu, ambaye kazi yake ni ufundi bomba, akasimama kunitazama.

"Ustadhi, samahani kwa nitakalosema," akaniambia. "Hizo chupa 20 ulizookota, kiwandani zinatoka ngapi kwa dakika moja? Wewe mmoja utabadilisha nini?"

Nilicheka kidogo nikaendelea kuokota, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani swali lilikuwa bado linanisumbua. Nimelitafakari tangu siku ile, na nimeona nilifikishe kwenu, kwa sababu naamini wengi wetu tunalo vifuani hata kama hatulisemi.

Hoja ya kijana si ya kupuuzwa

Kwanza tumpe haki yake. Mtu anayesema kwamba juhudi ya mmoja ni ndogo hasemi uongo. Chukua suala la mabadiliko ya tabianchi. Bara zima la Afrika, pamoja na wingi wa watu wake, linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na dunia kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi. Sasa mama wa Mbagala akipunguza gunia moja la mkaa kwa mwaka, joto la dunia litashuka kwa kiasi gani? Hakuna kipimo kitakachokionesha kiasi hicho.

Tena kuna ujanja ndani ya jambo hili ambao Waislamu tunapaswa kuujua. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja kubwa ya mafuta ya Uingereza ilifanya matangazo ya kumtaka kila mtu apime ni hewa chafu kiasi gani anayoitoa yeye mwenyewe katika maisha yake ya kila siku. Anayechimba na kuuza mafuta anamgeukia mnunuzi na kumwambia ajihesabu! Si vibaya mtu kujihesabu, bali dini yetu inatuamrisha hivyo. Lakini hesabu ikiishia kwa mnyonge, na mwenye nguvu akaachwa, hapo pana dhulma.

Kwa hiyo sitamjibu kijana yule kwa kumwambia kwamba chupa zangu 20 zitaiokoa bahari ya Hindi. Hazitaiokoa.

Jibu la kwanza: tutaulizwa

Jibu ambalo kila Muislamu analijua ni lile la Suratul Zalzalah. Aya mbili za mwisho za sura hiyo zinatufundisha kwamba jema lenye uzito mdogo kuliko vyote litaonekana na aliyelitenda, na ovu la uzito huo huo litaonekana vilevile. Hakuna palipotajwa kwamba jema litahesabiwa endapo tu litabadilisha dunia.

Zaidi ya hapo, ipo hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (RA), iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, inayomwelekeza mtu ambaye Kiyama kinamsimamia na mkononi ana mche, kwamba akiweza kuupanda basi aupande. Hebu tafakari, ndugu msomaji. Mche ule hautatoa kivuli wala tunda. Hakuna atakayebaki kuumwagilia. Kama faida ya jambo ingekuwa ndiyo sharti pekee la kulitenda, basi huo ndio mche usio na maana kuliko yote. Hata hivyo tumeelekezwa kuupanda.

Nilimpelekea kijana jibu hili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Hayo ni ya thawabu, Ustadhi, na mimi sina ubishi nayo. Lakini mimi niliuliza habari ya mtaro. Mtaro utazibuka?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, lakini kila anayeishi bondeni anajua mtaro ulioziba kwa taka unavyofanya hata mvua ndogo iingie ndani. Anayechota maji ya mafuriko chumbani kwake hataridhika kuambiwa habari za thawabu peke yake.

Ndoo chini ya koki

Nikaamua nianze na ninachoweza kukipima. Alfajiri moja niliweka ndoo chini ya koki ya nyumbani, nikatia udhu kama ninavyotia siku zote, bila kujibana. Nilipomaliza nikayapima maji yaliyomo kwa kopo la lita moja. Yalikuwa lita saba na kidogo.

Sasa tuangalie Sunna. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Anas (RA) kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikikutanishwa. Kwa vipimo vya leo haizidi robo tatu ya lita. Ipo pia hadithi mashuhuri ya Saad (RA) kuhusu kutofanya israfu ya maji ya udhu hata ukiwa kwenye mto unaopita, iliyomo katika Ibn Majah. Wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini ile ya mudi inatutosha.

Basi mimi, mwalimu wa darasa la israfu, nilikuwa nikitumia karibu mara kumi ya maji aliyotumia Mtume (SAW)! Nilikaa kwenye kigoda nikaona aibu mbele ya ndoo.

Tufanye hesabu. Nikizidisha lita sita kwa kila udhu, na nikatia udhu mara tano kwa siku, hizo ni lita 30, yaani dumu moja na nusu. Kwa mwaka zinakaribia lita 11,000, ambazo ni boza zima la lita 10,000 na ziada. Hayo ni ya mtu mmoja. Sasa piga picha watu 300 siku ya Ijumaa. Lita sita kwa kila mmoja ni lita 1,800 zinazopotea kwa swala moja, na wakati huohuo kuna mama anayelipia dumu la maji hatua chache kutoka ukuta wa msikiti.

Nililipeleka jambo hili kwenye kamati ya msikiti nikiwa na hamasa ya kutoa mawaidha kila baada ya swala. Wajumbe wawili walicheka. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema kwa uchungu kwamba sasa tunataka kuwafungia watu maji ya Mwenyezi Mungu. Nikakaa kimya. Aliyeniokoa siku ile ni kijana yule yule wa chupa 20, aliyekuwa ameitwa kutengeneza bomba lililokuwa likivuja.

"Ustadhi, usiwahutubie," alisema. "Badilisha koki. Hizi zenu ukifungua kidogo zinamwaga kama mto. Weka zinazotoa maji membamba, na pale pembeni weka mabirika kwa anayetaka."

Tulifanya hivyo kwa mchango wa waumini. Tulizoea kununua maji ya boza mara mbili kwa wiki bomba linapokatika. Sasa mara nyingi moja linatutosha. Mzee yule siku hizi ndiye wa kwanza kuchukua birika, na husema ndivyo walivyotia udhu utotoni.

Nataka ulione somo hapa. Udhu wangu peke yangu ungeokoa dumu moja na nusu kwa siku. Lakini ndoo niliyoiweka chini ya koki yangu ndiyo iliyonipa ulimi wa kusema kwenye kamati, na kamati ndiyo iliyobadilisha koki za watu 300. Jambo lilianza kwa mmoja, ila halikuishia kwa mmoja.

Mpiga picha wa Nakuru

Mtu anaweza kusema kwamba msikiti ni sehemu ndogo. Basi tuvuke mpaka twende Kenya. Katika mji wa Nakuru yupo mpiga picha anayeitwa James Wakibia. Alichukizwa na mifuko ya plastiki iliyotapakaa kutoka kwenye dampo la mji wake. Hakuwa waziri wala tajiri. Alianza kwa kupiga picha, kuandika barua kwa magazeti na kukusanya saini, kisha akaendeleza kampeni yake kwenye mitandao ya kijamii. Sauti nyingine zikaungana naye, hadi waziri wa mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, akaiunga mkono. Tarehe 28 Agosti, 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko ile, na adhabu ikafika hadi faini ya shilingi milioni 4 za Kenya.

Sisemi kwamba yeye peke yake ndiye aliyeleta sheria hiyo. Serikali ya Kenya ilikwishajaribu kuizuia mifuko hiyo mwaka 2007 na 2011 bila mafanikio, na wapo wengi waliolipigania jambo hilo kabla yake na pamoja naye. Lakini ndiyo maana ya hoja yangu. Sheria haidondoki kutoka mawinguni. Huanza kwa mtu aliyechoka kukaa kimya, akampata wa pili, na wa tatu. Kwetu Tanzania marufuku ilianza tarehe 1 Juni, 2019, na kikapu cha ukili kikarudi sokoni. Yule mama aliyekuwa akibeba kikapu chake miaka yote huku wenzake wakimcheka, leo nani alikuwa sahihi?

Sote tumo jahazini

Nukta ya mwisho naichukua kwenye hadithi ya Nuuman bin Bashir (RA) iliyomo katika Bukhari. Mtume (SAW) alitupigia mfano wa watu waliopiga kura ndani ya chombo, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji hulazimika kuwapitia wa juu. Wakaona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka.

Tunaisoma sana hadithi hii tukizungumzia kukatazana maovu, lakini itazame kwa jicho la swali letu. Anayetoboa naye ni sehemu tu ya chombo. Tundu lake ni dogo, na amelitoboa kwenye fungu lake mwenyewe. Mbona hatusemi kwamba tundu moja haliwezi kubadilisha kitu? Tunajua kwamba ovu la wachache linazamisha jahazi zima, ila likija jema la wachache ndipo tunadai kwamba halina athari. Hesabu gani hiyo?

Tena tazama kinachowaokoa. Si kwamba abiria mmoja amejiepusha kutoboa kisha akakaa kitako akijisifu kwa usafi wake. Kinachowaokoa ni mkono uliomshika mwenye shoka. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani tukibeba kikapu na kufunga koki tumemaliza. La hasha! Matendo yetu binafsi si fidia ya kunyamaza. Mwenye kiwanda anayemwaga maji machafu mtoni na diwani asiyezoa taka wanataka kuulizwa, na anayefaa kuwauliza ni yule ambaye mtaro wa mbele ya nyumba yake ni safi.

Basi nausia mambo matatu, nikianza na nafsi yangu. Kwanza, pima. Weka ndoo chini ya koki yako kesho alfajiri uone unatumia kiasi gani. Pili, usifanye peke yako. Lipeleke kwa jirani, kwenye kamati ya msikiti, kwenye mkutano wa mtaa, na uwasikilize wenye ufundi kuliko wewe. Tatu, jihadhari na riya. Kuokota chupa ili uonekane unaokota ni chupa nyingine iliyotupwa.

Kijana yule bado ananitania. Ijumaa iliyopita aliniambia, "Ustadhi, mtaro bado haujazibuka." Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba Jumapili saa moja asubuhi tunakutana hapo na majembe. Akauliza tuko wangapi. Nikamwambia tuko 11, na yeye akija tutakuwa 12.

Allah (SW) atuwafikishe kuwa waangalizi wema wa ardhi aliyotukabidhi, na asiyadharau machache yetu. Wabillahi tawfiq.