Tunga Wimbo Wako, Upate Mlio Wako

Kijana anayejifunza saksafoni ya jazi huambiwa awasikilize magwiji na kunakili solo zao noti kwa noti. Ni ushauri mzuri, na asiyeufuata atachelewa. Tatizo ni kwamba baada ya miaka miwili mitatu anakuwa fundi wa kusema maneno ya watu wengine. Njia ninayoiamini ya kutoka hapo ni kutunga, tena mapema, kabla hujajiona umeiva.

Anza na mlio wenyewe. Puliza noti moja moja, ndefu, kutoka chini kabisa hadi juu, jirekodi kwa simu, kisha usikilize. Utagundua kwamba saksafoni haina sauti moja. C-shapu ya kati, ambayo hupigwa vidole vyote vikiwa vimeachia, huwa nyembamba. Panda nusu hatua tu hadi D: karibu vifuniko vyote vinajifunga kwa mkupuo, na mlio unakuwa mzito, kama mtu anayeongea akiwa amejitanda shuka. Walimu hutufundisha kuificha tofauti hiyo, na lazima ujue kuificha. Lakini mtunzi anaweza kuitumia, kwa sababu melodi inayokwenda na kurudi kati ya noti hizo mbili ina rangi ambayo piano haina. Tafuta noti tatu au nne zinazokutoka vizuri kuliko nyingine, hata kama hujui sababu, na wimbo wako wa kwanza uzunguke hapohapo. Baa nane zinatosha.

Msikilize mpiga saksafoni John Coltrane katika albamu ya Giant Steps, iliyotoka mwaka 1960. Wimbo uliobeba jina la albamu unakimbia, kordi zinabadilika karibu kila mapigo mawili, na wapuliza saksafoni wa kila kizazi wameutolea jasho. Katika albamu hiyohiyo kuna Naima, wimbo alioupa jina la mkewe. Besi inang'ang'ania noti moja kwa muda mrefu huku kordi za piano zikibadilika juu yake, naye Coltrane anapiga melodi tu, taratibu. Solo amemwachia mpiga piano, Wynton Kelly. Hakuna kasi yoyote ya kujionyesha, na bado ukisikia noti mbili tu unajua ni yeye. Alijitungia wimbo ulioacha nafasi ya mlio ule kusikika, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka uifanye.

Kama karatasi tupu inakutia hofu, azima kordi. Mwaka 1945 mpiga saksafoni Charlie Parker alirekodi Ko-Ko juu ya kordi za Cherokee, wimbo uliokuwa ukijulikana tayari, na wanamuziki wa bibapu, mtindo wake wa jazi, walifanya hivyo mara nyingi. Chukua wimbo unaoupiga kila wiki, uondoe melodi, ubaki na kordi zake. Kisha weka saksafoni mezani na uimbe kwa mdomo wako. Vidole vina mazoea, vikitangulia vitakuletea yaleyale ya jana. Ukiimba, kila kifungu kitakuwa na urefu wa pumzi yako wewe, na utakapokipuliza baadaye kitakaa sawa bila kulazimishwa. Rekodi, chagua kifungu kimoja kinachokung'ang'ania kichwani, kiandike. Vingine viache.

Usione haya kutumia ulichokulia nacho. Mpiga saksafoni Sonny Rollins alizaliwa New York kwa wazazi waliotoka Visiwa vya Virgin. Katika albamu ya Saxophone Colossus, iliyorekodiwa mwaka 1956, alipiga St. Thomas, melodi ya Karibi aliyoisikia kwa mama yake, na ikawa moja ya nyimbo zinazomtambulisha. Kijana wa Dar es Salaam au Lubumbashi amekua akisikia saksafoni za dansi na rumba zikimjibu mwimbaji kwa vifungu vifupi vinavyorudiwa. Huo ni utajiri. Andika majibizano hayo kati yako na besi, au kati yako na gitaa, uone yatakupeleka wapi.

Ukiwapelekea wenzako karatasi, kumbuka kuhamisha noti: D yako kwenye saksafoni ya tena ni C ya piano, na kwenye alto ni A yako iliyo C ya piano. Mazoezi mengi huharibika hapa. Waandikie kordi chache, na mahali unapotaka kimya uandike kimya, kwa sababu mpiga piano mwenye bidii atakijaza.

Solo nayo itoke ndani ya wimbo. Katika St. Thomas, Rollins anafungua solo yake kwa noti mbili tu, anazirudia, anazisogeza kwenye mapigo, anazigeuza, kabla ya kwenda popote. Fanya vivyo hivyo na noti za mwanzo za melodi yako. Ukijisikia unateleza kuelekea misemo uliyoinakili, rudi kwenye noti hizo uanze upya.

Ukishaupiga wimbo mara kadhaa na bendi, sikiliza rekodi zote huku umeshika karatasi na penseli. Kuna sehemu utajikuta unaikunja melodi kwa namna ileile kila mara, tofauti na ulivyoandika: unachelewesha noti fulani, unaruka nyingine, unashuka chini ulipopanga kupanda. Futa ulichoandika hapo, andika unachopiga.