Usugu ni wa Nani? Istilahi na Mwelekeo wa Bakteria Wanaoshinda Dawa

Si ajabu kumsikia mgonjwa wa homa ya matumbo aliyekosa nafuu akisema kwamba mwili wake "umezoea dawa". Istilahi iliyozoeleka nchini Kenya, "usugu wa dawa", haimsahihishi, kwani kisarufi inaifanya dawa kuwa ndiyo yenye usugu. Makala haya yanashikilia kwamba aliye sugu si dawa wala mgonjwa, bali ni bakteria.

Kimsingi, sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, mathalani ya kiganja cha mkulima. Ndiyo sitiari iliyozaa "mhalifu sugu". Ikihamishiwa kwa bakteria, hupotosha. Kiganja kilekile kinachosuguliwa ndicho hufanya sugu, ilhali bakteria mmoja hakomai kwa kuonja dawa mara kwa mara. Miongoni mwa mamilioni, wachache huwa na mabadiliko ya jeni yanayowakinga; dawa ikiwaua wenzao, hao hubaki wakazaana. Isitoshe, sugu ya kiganja haiambukizi. Bakteria, kwa upande wake, huweza kumpa jirani jeni za usugu kupitia plasmidi, hata jirani huyo akiwa wa spishi nyingine.

Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo, ni mfano mwafaka. Kloramfenikoli ilianza kuutibu ugonjwa huu mwaka wa 1948. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, maabara nchini Kenya zilikuwa zikipata katika damu ya wagonjwa bakteria walioshinda kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli kwa pamoja. "Kwa pamoja" ni maneno ya kuzingatiwa: mara nyingi jeni za usugu huo hubebwa na plasmidi moja. Matibabu yakahamia kwenye siprofloksasini, na mabadiliko katika jeni ya gyrA yakapunguza makali yake. Katika jimbo la Sindh, Pakistani, mlipuko ulioanza mwaka wa 2016 ulihusisha bakteria walioshinda hata seftriaksoni. Azithromisini ikabaki karibu peke yake miongoni mwa dawa za kumeza.

Takwimu nazo zina mtego wake. Ripoti isemapo asilimia fulani ni sugu, imehesabu bakteria waliooteshwa maabarani, si wagonjwa wote. Pale ambapo damu hupimwa tu baada ya dawa ya kwanza kushindwa, asilimia hiyo hupanda kuliko hali ilivyo vijijini.

Tanzania hutumia "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". Istilahi hiyo inamtaja mwenye usugu, ingawa "vimelea" hujumuisha pia minyoo na viumbe wengine. Panapozungumziwa viuavijasumu, "usugu wa bakteria dhidi ya dawa" inafaa zaidi, urefu wake usiwe kisingizio. Mzazi anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea dawa hana sababu ya kumhofia mtoto wake mchanga, ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja, na ambaye huweza kuambukizwa bakteria walio sugu tayari.