Fedha Iliyogeuka Shaba

Neno fedha lina maana mbili. Ni madini meupe yanayong'aa, na pia ni pesa. Zamani pesa nyingi zilitengenezwa kwa madini hayo.

Miaka 400 iliyopita Ujerumani haikuwa nchi moja. Kulikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, na watawala wengi walikuwa na viwanda vyao vya sarafu. Sarafu kubwa ya fedha iliitwa taleri. Sarafu ndogo, kama kroitsa, zilikuwa za fedha iliyochanganywa na shaba. Hizi ndizo walizotumia watu wa kawaida kununulia mkate na chumvi.

Mwaka 1618 vita vilianza. Watawala walitaka pesa za kulipa askari. Basi wakapunguza fedha katika sarafu ndogo, wakaongeza shaba. Mwishowe sarafu nyingine zilikuwa karibu shaba tupu, zimepakwa fedha kidogo juu. Zilitoka kiwandani nyeupe. Zikipita mikononi mwa watu, weupe ulifutika na wekundu wa shaba ukaonekana.

Wabadilishaji wa pesa walizunguka na mizani. Walichukua sarafu nzuri, nzito, wakatoa mbovu nyingi zaidi. Mkulima alifurahi kuona mfuko umejaa! Kumbe zile nzuri zilikwenda kuyeyushwa, zikatengenezwa mbovu. Watu wakawapa wabadilishaji hao jina la dharau, maana yake watikisa mizani.

Kabla ya vita taleri moja ilikuwa sawa na kroitsa kama 90. Mwaka 1622, mahali pengine ilifika kroitsa 600. Bei ya mkate ilipanda, lakini mwalimu alipata mshahara ule ule. Wakulima wakakataa kuuza nafaka kwa sarafu nyekundu. Katika mji wa Magdeburg zilitokea ghasia, watu wakafa.

Naona kilio cha watu peke yake kisingewazindua watawala. Lakini kodi nazo zililipwa kwa sarafu zile zile mbovu! Mwaka 1623 nchi nyingi zilirudia sarafu nzuri. Aliyekuwa ameweka akiba ya sarafu mbovu alipata sehemu ndogo tu ya thamani iliyoandikwa juu yake.

Maswali
1. Kwa nini mkulima alifurahi kwanza?
2. Mtu alikuwa na kroitsa 600. Kabla ya vita angepata taleri ngapi, na kroitsa ngapi zingebaki? Je, mwaka 1622?