Ute wa yai, vidonge vya nywele na majibu ya maabara

Ukishuka Awasi kwenye barabara kuu ya Kisumu kuelekea Kericho, huchukui muda kabla kijana mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha hajakufikia, akakupasulia moja na kulijaza kachumbari. Yai hilo limeiva na ute wake umekuwa mweupe na mgumu. Lingekuwa bichi, ndani ya ute huo kungekuwa na protini iitwayo avidini, ikiwa na nguvu zake zote za kushika. Kitu inachokishika ni biotini, vitamini ambayo wengine huiita B7. Mshikano wa hizo mbili unatumika leo ndani ya mashine nyingi zinazopima damu ya wagonjwa, na unaweza kuvurugwa na vidonge ambavyo watu wengi hununua ili nywele na kucha zikue.

Tuanze na yai. Mwaka 1927 huko London, mtafiti Margaret Boas aliwalisha panya ute wa yai ambao haujapikwa. Ngozi zao ziliharibika na manyoya yakawatoka. Ute ulipopikwa, madhara hayo hayakutokea. Mwaka 1936, Fritz Kögl na Benno Tönnis wa Utrecht, Uholanzi, waliitenga biotini kutoka kwenye viini vya mayai ya bata. Kilo 250 za viini vilivyokaushwa ziliwapa zaidi kidogo tu ya miligramu moja. Miaka michache baadaye, watafiti huko Texas, Marekani, walimpata mhusika aliyekuwa akiwanyima panya vitamini hiyo. Wakaiita protini hiyo avidini, jina linalotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa na uchu.

Uchu huo si wa mzaha. Avidini moja ina nafasi 4 za kushika biotini, na biotini ikishaingia, haitoki kwa urahisi. Ukingoja nusu ya biotini iliyoshikwa ijiachie yenyewe, utangoja takriban siku 200. Katika mishikano ya asili isiyotumia vifungo vya kikemia vya kudumu, huu ni miongoni mwa iliyo imara kabisa kujulikana. Wanasayansi wengi wanaamini kuku huweka avidini kwenye ute ili bakteria watakaopenya ganda wafe kwa kukosa vitamini.

Wapo miongoni mwetu wanaomeza mayai mabichi kwa kuamini kuwa yanaongeza nguvu, au yanalainisha koo kabla ya kuimba kwaya. Yai moja la siku moja halitakumalizia biotini. Mazoea ya muda mrefu ndiyo hatari. Mwaka 1942, daktari Mmarekani V. P. Sydenstricker na wenzake waliwalisha watu 4 waliojitolea chakula chenye ute mbichi mwingi kwa wiki kadhaa. Ngozi zao zilianza kubambuka, wakachoka, misuli ikawauma na hamu ya kula ikapotea. Walipodungwa sindano za biotini walipata nafuu ndani ya siku chache. Moto wa jikoni unaimaliza nguvu avidini, na unaua pia vijidudu vya salmonela, ambavyo kwa maoni yetu ni sababu kubwa zaidi ya kutokula yai bichi.

Sasa twende maabara. Watengenezaji wa vipimo waliona kwamba mshikano wa aina hii ni gundi nzuri ajabu. Wengi wao hawatumii avidini ya yai bali ndugu yake, streptavidini, inayotoka kwa bakteria wa udongoni na iliyogunduliwa katika miaka ya 1960. Kipimo cha homoni, kwa mfano, hufanya kazi hivi: kingamwili moja iliyofungiwa biotini huishika homoni iliyo kwenye damu, na kingamwili ya pili yenye alama inayotoa mwanga huishika homoni hiyohiyo upande wa pili. Mzigo wote hunasa kwenye streptavidini iliyopakwa ndani ya chombo. Kisha chombo huoshwa. Kilichonasa hubaki na kung'aa, na mashine hupima mwanga: mwanga mwingi, homoni nyingi.

Shida inaanza pale damu yenyewe inapokuja imejaa biotini. Fikiria matatu pale steji ambayo makanga wameijaza watu wao ili ionekane imejaa. Abiria halisi anafika na kukuta viti vyote vina watu. Tofauti ni kwamba makanga wale hushuka gari likikaribia kuondoka, lakini biotini haishuki. Homoni inakosa pa kukaa, inaoshwa pamoja na maji, na mashine inaandika kwamba homoni ni kidogo, ingawa ni nyingi. Viko pia vipimo vilivyopangwa kinyume, ambapo mwanga mdogo humaanisha homoni nyingi. Hivyo navyo hudanganyika, ila kwa kwenda juu.

Chukua mfano wa mama anayemeza vidonge vya nywele kila siku, kisha anapimwa tezi ya shingo kwa sababu ya uchovu. Homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi inasomeka chini kupita kiasi, na homoni ya tezi yenyewe inasomeka juu. Ukizisoma pamoja, unaona picha kamili ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ilhali tezi yake ni nzima. Anaweza kuanzishiwa dawa za kuituliza tezi isiyo na kosa. Kipimo cha ujauzito cha damu nacho kinaweza kusema hapana ilhali mimba ipo. Zito kuliko yote ni kipimo cha troponini, kinachoonyesha kama moyo umeshambuliwa. Novemba 2017, mamlaka ya Marekani ya kusimamia dawa na vyakula ilitoa onyo la usalama, ikisema imepokea ripoti ya mgonjwa mmoja aliyekuwa akitumia biotini nyingi na akafariki baada ya troponini yake kusomeka chini kimakosa.

Nyingi ni kiasi gani? Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, na chakula cha kawaida kama maharagwe, njugu, mayai yaliyopikwa na samaki hakiwezi kuvuruga kipimo. Lakini geuza chupa ya vidonge vya nywele usome nyuma. Mara nyingi utakuta 5,000 au 10,000 mcg, yaani mikrogramu, kwa kidonge kimoja. Hicho cha pili ni zaidi ya mara 300 ya mahitaji ya siku, na duka la dawa hukiuza bila karatasi ya daktari.

Si kila kipimo kinaathirika, na baadhi ya watengenezaji wamerekebisha vipimo vyao. Wewe uliye kwenye foleni huwezi kujua mashine iliyo nyuma ya dirisha ni ya aina gani. Mwambie muuguzi au mtaalamu wa maabara kabla hajakutoa damu kwamba unatumia vidonge hivyo, hata kama hajakuuliza, na ukiweza beba chupa yenyewe. Wengi huviacha bila kuvitaja kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa. Kwa vipimo vya tezi, chama cha madaktari wa tezi cha Marekani hushauri biotini iachwe angalau siku 2 kabla. Mtu aliyeandikiwa biotini na daktari kwa ugonjwa, wakiwemo watoto waliozaliwa na upungufu wa kuitumia, asiiache bila kuzungumza na daktari huyo kwanza. Na anayefika hospitalini na maumivu ya kifua asingoje siku yoyote. Aseme tu alichomeza na saa aliyokimeza, ili majibu yasomwe pamoja na dalili zake na damu ipimwe tena ikibidi.