SOMO: KITABU CHA PICHA NACHO HUSOMWA

Ndugu msomaji, tuseme umepata kitabu chenye picha za majengo ya Sultani Majid bin Said wa Unguja. Yeye ndiye aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Utakisomaje?

Kwanza, soma maneno yaliyo chini ya picha. Mfano: Boma la Kale, 1867. Nyumba ya wageni wa Sultani.

Pili, tazama vifaa. Kuta nene ni za mawe ya matumbawe. Mlango una nakshi, kama milango ya Unguja.

Tatu, jiulize: nani hayumo pichani? Sultani alitoa amri. Waliotoka jasho ni mafundi na watumwa. Majid alifariki mwaka 1870, mji haujaisha. Jina lake tunalo. Majina yao hayakuandikwa.

Boma hilo bado lipo, karibu na bandari. Wewe wa Temeke au Kinondoni, siku ukienda mjini, simama ulitazame.

MASWALI
1. Boma lilikuwa nyumba ya nani?
2. Nyumba yako ilijengwa na nani? Andika majina yao katika daftari, yasipotee.