Kompresa ya Gitaa la Besi: Je, Kikundi Chenu Kinaihitaji?



Hapa Kitale mtu akitaja kompresa, wengi wetu tunafikiria ile mashine ya gereji ya kujaza upepo kwa magurudumu. Somo letu la leo linahusu kompresa nyingine. Ni kidude cha chuma kinachowekwa chini, kati ya gitaa la besi na amplifaya, na mpigaji hukiwasha kwa kukikanyaga na mguu. Vijana huita pedali.

Kikundi chenye bendi au kwaya ya vyombo vya stima kinaweza kuletewa ombi hili mkutanoni: "Tununulieni kompresa, besi yetu iwe na nguvu kama ya bendi za Nairobi." Pesa zinazoombwa ni za wote, pamoja na za mama anayeweka shilingi 50 kila wiki na ambaye hajawahi kushika gitaa. Basi huyo mama naye aelewe kinachonunuliwa kabla hajainua mkono kupiga kura.

Inafanya kazi gani?

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi 4, na hakuna mpigaji anayezipiga zote kwa nguvu moja. Noti moja inatoka kwa kishindo, ya pili inazama chini ya ngoma, ya tatu inasikika nusu. Kompresa ni kama mtu aliyeketi karibu na kitufe cha sauti akisikiliza. Noti kali ikija anapunguza, ikitulia anarudisha. Noti kali zikishashushwa, unaweza kuinua sauti yote kidogo, na zile dhaifu nazo zikasikika. Ni hiyo tu. Haiongezi wati za amplifaya, wala haimfundishi mtu kushika mdundo.

Kwa muziki wa kwetu jambo hili si dogo. Besi ya benga haikai nyuma kimya. Inaruka, inajibizana na gitaa la solo, na miguu ya watu inaifuata. Sikilizeni rekodi za Sukuma bin Ongaro, au za marehemu D. O. Misiani na Shirati Jazz: hata besi peke yake unaweza kuiimba. Noti mbili zikipotea, anayecheza anahisi kuna kitu kimekatika, hata kama hawezi kusema ni nini.

Kabla ya kutoa pesa

Mpiga litungu hana pedali. Mkono wake ndio unaopima. Kijana wa besi naye aanze hapo: apige polepole, nusu saa kwa siku, akisikiliza kama noti zote ziko sawa. Tena, kama uzi mmoja tu ndio unaopiga kelele kuliko wengine, tatizo huenda ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi. Zina skrubu. Upande unaolia sana ushushwe kidogo, upande ulio dhaifu uinuliwe. Bisibisi inatosha. Nyuzi zilizochoka zibadilishwe. Pia angalieni mikisa yenu, kwa maana baadhi ya mikisa ndogo, kwa mfano za Yamaha, zina kitufe cha kompresa ndani yake tayari. Kununua kitu ulicho nacho ni hasara ya bure.

Kuna jambo moja tunataka mlikumbuke kuliko mengine. Mtaambiwa kwamba kompresa inalinda spika. Hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli vishindo vya ghafla hupungua. Lakini kwa sababu vimepungua, mpigaji anaona kuna nafasi, anaongeza sauti. Sasa spika haipumziki tena kati ya noti moja na nyingine. Inabeba mzigo mzito mfululizo, koili yake inapata joto, na saa nane usiku inaungua. Fikirini ikiungua mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, wakati wa tohara za Wabukusu, ambapo sherehe ni nyingi Bungoma na Trans Nzoia! Malipo ya awali mmeshakula, mwenye sherehe anangoja, na spika imekufa. Kama amplifaya na spika zenu ni dhaifu, pesa ziende huko kwanza. Kwa maoni yetu, pedali ni ya bendi ambayo vyombo vyake vikubwa viko sawa tayari.

Mkienda dukani

Waende watu watatu: mpigaji, mweka hazina, na mmoja mwenye masikio mazuri ambaye si rafiki wa mpigaji. Mbebe gitaa lenu wenyewe. Mpigaji apige uzi mnene kuliko wote, pedali ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Pedali nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo na hupunguza ile sauti nzito ya chini. Mkiona besi imekuwa nyembamba, iacheni hata kama ni rahisi. Halafu nyamazeni kabisa na msikilize mvumo. Kompresa huinua kila kilicho kidogo, pamoja na mvumo wa waya mbovu na wa jenereta.

Jihadharini na hila moja. Muuzaji akiiwasha ikatoa sauti kubwa zaidi, masikio yetu hudhani ni nzuri zaidi. Mwambieni asawazishe sauti kwanza, ndipo mlinganishe.

Vitufe vichache au vingi? Dyna Comp ya kampuni ya MXR, iliyoanza kutoka miaka ya 1970, ina viwili tu. Kompresa ya besi ya kampuni hiyo hiyo ina vitano na taa za kuonyesha inabana kiasi gani. Kwa anayejifunza, sisi tungependa yenye taa, kwa sababu jicho linasaidia sikio.

Kuitumia

Maandishi ya vitufe ni ya Kiingereza. RATIO ni kiasi cha kubana. Ikiwa 4 kwa 1, sauti ikipita kizingiti kwa desibeli 4 inaruhusiwa kutoka 1 tu. Hiyo inatosha harusi yoyote. THRESHOLD ni kizingiti chenyewe. Mpigaji apige kama kawaida, mkiteremshe polepole mpaka noti kali zitulie na zile laini ziachwe kama zilivyo. Kwenye taa, desibeli 3 hadi 6 si haba. ATTACK ni muda wa kusubiri kabla ya kubana: ikibana haraka mno, mguso wa kidole unapotea na besi inalia kama iko ndani ya gunia. RELEASE ni muda wa kuachilia. Ukiwa mrefu, noti inayofuata inamezwa, na benga ya kasi haivumilii hiyo. Mwisho ni LEVEL au OUTPUT: kanyaga, achia, kanyaga, mpaka sauti iwe sawa hali zote mbili.

Kuhusu moto: nyingi hutumia volti 9. Adapta ya redio yaweza kuwa na volti hizo lakini chanya na hasi zimegeuzwa, na pedali ikaungua. Someni alama. Msiunganishe moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12 kama maandishi ya pedali hayaruhusu. Ikiwa inatumia betri yake ndogo, chomoeni waya wa gitaa mkimaliza, la sivyo betri inaendelea kuliwa usiku kucha.

Kazi ya mkutano ujao

Mweka hazina aandike hesabu ubaoni. Kwa mfano tu, tuseme pedali ni shilingi 12,000, na kila harusi, baada ya usafiri na mafuta ya jenereta, inawaachia 1,500. Hizo ni harusi 8. Sasa jadilianeni: harusi hizo 8 zingekuja hata bila pedali? Pedali itatunzwa nyumbani kwa nani, na mpigaji akihama kikundi itabaki wapi? Katibu aandike majibu kwenye kitabu cha mkutano, pamoja na namba ya risiti, kabla pesa hazijatoka.